Somo: Kuendesha kikao cha simu cha watu wengi bila kupoteza mteja

Mimi natoa mizigo bandarini Dar. Wateja wangu wako Lusaka na Lubumbashi, bidhaa nyingi zinatoka Guangzhou, kwa hiyo wiki haipiti bila kikao cha simu.

Hatua ya 1: Saa. Hapa ndipo nilipoumia. Nilimwandikia mteja wa Lusaka "tuongee saa 8", nikikusudia saa nane mchana. Yeye akasubiri tangu saa mbili asubuhi. Nilipompigia, lori alilokuwa amelishikilia lilikwishapewa mzigo mwingine. Sasa naandika hivi: "Jumanne, saa nne asubuhi ya Dar (10:00), Lusaka 09:00, Guangzhou 15:00." Lubumbashi wanakwenda na saa ya Lusaka. Mwenye mteja London akumbuke kwamba wao husogeza saa Machi na Oktoba: tunawatangulia saa tatu wakati wa baridi yao, mbili wakati wa joto.

Hatua ya 2: Njia. WhatsApp inabeba hadi watu 32. Ukiunganisha kwa simu ya kawaida, mara nyingi mwisho ni watu watano mbali na wewe, na kila laini uliyoipiga inakula salio lako. Tuma ajenda jana yake, mambo matatu yanatosha.

Hatua ya 3: Mahali. Mtaani Kariakoo usijaribu. Tafuta chumba chenye mapazia au zulia, maana kuta tupu hurudisha sauti. Vaa spika za masikioni. Mkiwa wawili chumba kimoja, tumieni simu moja. Simu mbili zilizo wazi zitapiga mwangwi na mluzi hadi kikao kivunjike.

Hatua ya 4: Mazungumzo. Salamu msizikate. Mteja wa Lubumbashi hataji bei kabla hajajua nyumbani hamjambo, na mimi naona ana haki. Kisha ita majina, kila mtu ajitaje kabla ya kusema, asiyesema azime maiki. Uliza kwa jina: "Mzee wa Lusaka, siku ya lori umeikubali?" Kwenye simu huoni mtu akitikisa kichwa, kwa hiyo ngoja atamke mwenyewe.

Hatua ya 5: Kabla hujanywa hata chai, tuma makubaliano kwa maandishi: nani, nini, lini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mbagala: Shikamoo dada. Bosi wangu ni mtu mzima, akishika simu anaongea dakika ishirini. Nimkatizeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Ongea naye kabla ya kikao, mpangiane dakika. Akipitiliza, sema: "Mzee, naomba tumsikie mwenzetu wa Lusaka kabla mtandao haujamchukua." Hutamvunjia heshima.

Tegeta: Naweza kurekodi ili nisiandike?

Jibu: Omba ridhaa ya wote mwanzoni, na useme rekodi ni ya kazi gani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo andika. Hakuna mteja atakayesikiliza saa nzima kutafuta bei moja.

Gongo la Mboto: Umeme ukikatika katikati, na mimi ndiye mwendeshaji?

Jibu: Chagua msaidizi mapema, awe sehemu nyingine na laini ya mtandao tofauti na wako, awe na namba zote na ajenda. Ukipotea dakika tatu, yeye anapiga upya na kuanzia pale mlipoishia.