Jinsi ya kuanza kumwangalia Pola Negri hata kama filamu bubu zinakuboa

Pola Negri alikuwa mwigizaji toka Poland, staa wa filamu bubu, yaani zile zisizo na sauti. Ukiandika jina lake mtandaoni cha kwanza kuja ni msiba, Agosti 1926, Rudolph Valentino, staa mwenzake wa filamu, kafariki New York na huyu dada kapanda treni toka California kavaa nyeusi tupu, akifika kwenye jeneza anazimia, wapiga picha wapo, anazimia tena. Alisema walikuwa wachumba, wengine wakasema anaigiza. Sasa ushauri wangu wa kwanza, hiyo stori iache, na ya Charlie Chaplin kumchumbia iache pia, maana ukianzia huko utamuona ni mtu wa vituko tu alafu hutajua kwanini Hollywood ilimfata mpaka Berlin, kabla hata ya Greta Garbo na Marlene Dietrich, mastaa wengine wa kike toka Ulaya.

Anzia Ujerumani. Hapa ndo wengi wanakwama kwa sababu ya majina, kwaiyo nisikilize vizuri. Filamu yake kubwa inaitwa Madame Dubarry, ya 1919, kaiongoza Ernst Lubitsch, ila Wamarekani waliiuza 1920 kwa jina la Passion. Sababu ni vita, vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imeisha juzi tu na mtu wa Marekani hataki kusikia kitu cha Kijerumani, basi wauzaji wakabadili jina na wakakaa kimya kuhusu ilikotoka, watu wakajazana. Ndo ikawa hivo kwa nyingine, Carmen ya 1918 kule ikaitwa Gypsy Blood, Sumurun ya 1920 ikaitwa One Arabian Night, na ile aliyocheza kwao Warsaw inaitwa Bestia utaikuta kama The Polish Dancer. Yaani ukitafuta kwa jina moja ukakosa usikate tamaa, jaribu la pili. Jina lake la kuzaliwa, Apolonia Chałupiec, halitakusaidia kutafuta chochote. Negri alijipa mwenyewe akiwa binti, alikuwa anasoma ballet Warsaw, TB ikamkatisha, akapelekwa Zakopane milimani kutibiwa, huko akawa anasoma mashairi ya Muitaliano mmoja Ada Negri, akachukua jina. Na baba yake alikuwa fundi bati, Warusi walimkamata wakampeleka Siberia, hii nakuambia ili ujue huyo malkia wa manyoya na almasi unaemuona baadae ametokea wapi.

Gharama usiogope. Filamu za Marekani za miaka ile kabla ya 1929 haki zake zimeshaisha kule kwao, zipo Internet Archive (maktaba ya mtandaoni) na YouTube bure, gharama ni bando lako tu.

Sasa kuangalia kwenyewe. Filamu bubu zinaboa watu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni spidi, zamani kamera ilizungushwa kwa mkono, picha kama 16 mpaka 20 hivi kwa sekunde, leo mtu anaipandisha mtandaoni kwa 24 basi watu wanakimbia kama kuku. Dawa yake nenda kwenye seting za YouTube sehemu ya spidi weka 0.75, utashangaa, ghafla yule mtu anatembea kama binadamu. Mziki utavurugika, zima sauti weka mziki wako, mi huwa naweka piano tu. Ukikuta kopi iliyokarabatiwa vizuri usiguse spidi, wameshairekebisha. Mfano Mania ya 1918, Wapoland waliikarabati wakaionyesha upya 2011, hiyo iache ilivyo. Sababu ya pili ni maandishi yanayotokea katikati ya picha badala ya sauti, mara ya Kijerumani mara ya Kirusi, pale simamisha, piga picha ya skrini, tafsiri, endelea. Mara tano sita hivi ukishazoea hutafsiri tena maana macho yake yanasema. Muangalie macho na mabega, mikono ipuuze, mikono ndo inamuonyesha uzee wa staili ile.

Madame Dubarry inakaribia masaa mawili, kama huna uvumilivu huo anza na Die Bergkatze ya 1921, ni komedi, yeye ni binti wa majambazi wa milimani kwenye theluji, anagombana anabiringika na picha yenyewe imekatwa maumbo ya ajabu ajabu pembeni. Hii mimi ndo naipenda kuliko zote, na utaona hajali kupendeza kabisa.

Alifika Marekani Septemba 1922 kwa mkataba wa Paramount, kampuni ya filamu ya Hollywood, na ntakuwa mkweli, nyingi za mwanzo kule unaweza kuruka. Walimpamba mno. Usiruke Hotel Imperial na Barbed Wire, zote 1927. Ya kwanza yeye ni mhudumu anasafisha vyumba kwenye hoteli na majeshi ya Urusi yameingia mjini, kamera imening'inizwa juu kwenye reli inamfata chumba hadi chumba, angalia hizo sehemu mara mbili.

Kuna watu watakuambia sauti zilipoingia kwenye filamu akaisha sababu ya lafudhi. Hapo ndo unatakiwa uvae iyafoni. Mwaka 1932 aliigiza A Woman Commands, filamu ikafeli lakini wimbo alioimba humo, Paradise, ukapendwa sana. Sauti yake ni nzito, ya chini, sio ile ya ndege ndege ya waimbaji wa kike wa wakati ule. Alafu akarudi Ujerumani akafanya Mazurka, 1935, ni mwimbaji wa klabu ya usiku anaemfyatulia mtu risasi, kwanini alimpiga ndo mahakama nzima inataka kujua na mimi sisemi. Hollywood waliirudia 1937 wakamuweka Kay Francis, angalia zote mbili mfululizo ulinganishe. Ukimaliza tafuta nyimbo zake za Tango Notturno ya 1937.

Alirudi Marekani 1941, mwishoni akakaa San Antonio, Texas, akafariki huko 1987 na miaka 90. Ya mwisho kabisa ni The Moon-Spinners ya Disney, 1964, ya watoto watoto hivi. Huna haja ya kuiangalia yote, sogeza mpaka karibu na mwisho, utamkuta bibi wa miaka sitini na kitu kwenye boti ya kifahari, ananunua vito vya wizi, na pembeni yake kuna duma mzima kafungwa kamba.