Mambo ya Kuhakikisha Kabla ya Kuelekeza Poti ya VPN ya Nyumbani

Wengi wanaotaka kuingia mtandao wa nyumbani wakiwa mbali kupitia VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) huanzia kwenye ukurasa wa ruta wa kuelekeza poti, yaani wa kuiambia ruta ipitishe maunganisho ya nje hadi kwenye seva ya VPN iliyo ndani, ilhali linalopaswa kujulikana kwanza ni iwapo ruta yenyewe imepewa anwani ya IP ya umma, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, soma anwani iliyoandikwa upande wa WAN (unaoelekea intaneti), kisha uilinganishe na ile inayotajwa na tovuti ya kutambua anwani za IP. Zikilingana, endelea. Ruta ikionyesha, tuseme, 100.72.15.8, na tovuti ikaonyesha namba nyingine kabisa, basi mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwani safu ya 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 ilitengwa mwaka 2012 kwa ajili hiyo hasa. Katika hali hiyo kanuni utakazoandika kwenye ruta, hata ziwe sahihi namna gani, hazitapitisha kitu. Itakubidi uombe anwani ya umma, utumie IPv6 (mfumo mpya wa anwani za IP) ikiwa ipo pande zote mbili, au ukodi seva ya nje. Anwani ya WAN ikianza na 192.168, mara nyingi kuna ruta nyingine mbele ya yako, nayo pia inahitaji kuelekezwa.

Jambo la pili hupuuzwa mpaka liume. Kama mtandao wa nyumbani unatumia 192.168.1.0/24 (yaani anwani 192.168.1.0 hadi 192.168.1.255) na ule wa ugenini unatumia safu hiyohiyo, kompyuta yako itaitafuta seva ya nyumbani yenye anwani, tuseme, 192.168.1.10 palepale ulipo badala ya kupita kwenye VPN. Chagua safu isiyo ya kawaida, kama 10.83.40.0/24, kabla ya kuandika kanuni yoyote. Baada ya hapo ipe seva anwani ya ndani isiyobadilika, na kama anwani ya umma hubadilika, andaa DNS badilifu (jina linalofuata anwani yako kila inapobadilika).

Itambue poti pamoja na itifaki yake, yaani UDP au TCP, njia mbili za kusafirisha data. Miongoni mwa aina za VPN, kwa kawaida WireGuard hutumia UDP 51820 na OpenVPN UDP 1194, ilhali IPsec huhitaji UDP 500 na 4500. Aliyechagua TCP kwa mazoea atahangaika bure. Elekeza poti hiyo tu. Kuiweka seva nzima katika DMZ ya ruta (ambapo poti zake zote hufunguliwa kwa nje) ili mambo yaende haraka ni uvivu utakaokugharimu, na ukurasa wa usimamizi wa ruta usifunguliwe kwa nje kamwe. Kumbuka pia kwamba fayawoli (kinga inayochuja maunganisho) ni mbili, ya ruta na ya seva yenyewe, na kila moja inahitaji ruhusa yake.

Andaa njia ya kujaribu ukiwa bado nyumbani: simu iliyozimwa Wi-Fi, inayotumia data. Usitegemee tovuti za kukagua poti, kwa sababu nyingi hupima TCP pekee, na WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, hivyo neno "imefungwa" halithibitishi lolote. Badala yake, endesha tcpdump (programu inayoonyesha pakiti, yaani vipande vya data, zinazofika) kwenye seva ukiichuja kwa udp port 51820, kisha uunganishe simu. Pakiti zikionekana, ruta imefanya kazi yake na kosa litafutwe kwenye funguo au kwenye fayawoli ya seva. Zisipoonekana, rudi kwenye ruta.