Somo: Misimu ya vina ya Cockney, na jinsi ya kuifumbua

Cockney ni watu wa East End ya London. Kwa desturi, Cockney halisi ni yule aliyezaliwa mahali zinaposikika kengele za kanisa la St Mary-le-Bow, Cheapside. Misimu yao ya vina, yaani lugha ya mitaani inayoficha neno nyuma ya kifungu chenye kina nalo, ilikwishashamiri katikati ya karne ya 19. John Camden Hotten aliiingiza katika kamusi yake ya mwaka 1859.

Hatua ya 1: Chagua neno la kuficha. Tuseme "stairs", ngazi.

Hatua ya 2: Tafuta kifungu kinachojulikana, ambacho neno lake la mwisho lina kina kimoja na neno lako. "Apples and pears", matofaa na mapeasi. Si lazima maana zihusiane, ingawa kuna vya kejeli: "wife", mke, ni "trouble and strife", taabu na ugomvi. (Nyumbani usijaribu.)

Hatua ya 3: Kata neno lenye kina ulitupe. Hapa ndipo wageni wanapoachwa kwenye mataa. "Look", kutazama, ilipewa "butcher's hook", ndoano ya bucha. "Hook" ikatupwa. Basi mtu wa London akikwambia "have a butcher's", hakutumi nyama; anasema hebu cheki. Nywele, "hair", zilipewa "Barnet Fair", gulio la Barnet. Siku hizi ni "barnet" tu. Kina kimeondoka, na kamusi ya kawaida haikusaidii kitu.

Hatua ya 4, kwa wakorofi: Anza upya juu ya kilichobaki. "Arse", makalio, iliitwa "bottle and glass". Kwa matamshi ya London herufi r ya "arse" haisikiki, kwa hiyo vina vinakubali. Ikakatwa ikabaki "bottle". Hiyo nayo ikatafutiwa kina: "Aristotle". Ikakatwa tena: "Aris". Mwanafalsafa mzima akaishia kukaliwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, kila kifungu hukatwa?
Jibu: Marahaba. La. "Tea leaf" ("thief", mwizi) husemwa kizima, na "Adam and Eve" ("believe", kuamini) vilevile. Kanuni hakuna, ni kuzoea kusikia.

Swali: Tofauti yake na kinyume chetu cha pwani ni ipi?
Jibu: Kinyume hugeuza silabi, nyumba ikawa mbanyu. Mwenye sikio jepesi atairudisha papo hapo. Ukisikia "barnet", hata uipindue vipi hupati nywele. Lazima uwe umeambiwa.

Swali: Si mambo ya mababu hayo?
Jibu: Vipya vinazaliwa. Ruby Murray alikuwa mwimbaji wa Belfast aliyevuma miaka ya 1950, na jina lake likawa "curry". Mpaka leo watu hutoka kwenda kula "ruby". Mwaka 2009 baadhi ya mashine za kutolea pesa mashariki mwa London ziliwekewa Cockney kama lugha ya kuchagua. Pauni 10 ikaandikwa "speckled hen", kuku wa madoadoa, kwa kina cha "ten".

Swali: Nikifika London nianze na ipi?
Jibu: Anza na "butcher's", hiyo hata wasio Cockney wanaitumia. "Apples and pears" waachie watalii.