Kabla Hamjawapokea Wataalamu wa Mkataba wa Biashara

Barua ya ufadhili imeshafika, mshauri mwelekezi anatua karibuni, na wizarani kila mtu anashusha pumzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni sawa, msaada wa kiufundi unafaa, tena si hisani tupu: wanachama wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) waliuahidi kule Doha mwaka 2001, na mwaka 2005 huko Hong Kong wakauongezea mpango wa Misaada kwa Biashara. Ila kuna mambo ya kuweka sawa kabla mgeni hajafungua kompyuta yake, maana akishaifungua, ratiba inakuwa yake.

Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi ambayo mshauri ataifanya, andikeni wenyewe. Mkiletewa rasimu iliyokwisha andikwa na mfadhili, isomeni, kisha andikeni yenu.

Timu ya majadiliano iundwe mapema, na ndani yake awemo mtu wa forodha, wa hazina, wa kilimo, wa viwanda, mwanasheria wa serikali na wawakilishi wa wafanyabiashara. Kila wizara itataka kumleta mkubwa. Nyinyi ombeni mjuzi.

Ulizeni anayelipa ni nani. Wakati nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki zilipoanza mwaka 2002 kujadiliana na Umoja wa Ulaya kuhusu mikataba ya ubia wa kiuchumi, Umoja huohuo ndio uliokuwa ukigharamia sehemu ya tafiti na mafunzo ya kuziandaa. Hilo halimfanyi mshauri kuwa mtu mbaya, na nimefanya kazi na waadilifu wengi waliolipwa hivyo. Lakini karatasi inayosema mtakubali nini na mtakataa nini msiiandikishe kwa mtu ambaye mshahara wake unatoka upande wa pili wa meza. Kwa masuala ya sheria za WTO kuna kituo cha ushauri kilichopo Geneva tangu mwaka 2001, kwa jina fupi ACWL, ambacho kiliundwa mahsusi kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na nchi maskini zaidi hupata huduma zake hata bila kuwa wanachama. Kitumieni.

Rasimu za sheria zichunguzwe kwa jicho kali, hasa za haki miliki. Chini ya TRIPS, mkataba wa WTO wa haki miliki, nchi maskini zaidi zina muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kutekeleza sehemu kubwa ya masharti, na kwa hataza (haki za wavumbuzi) za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Mshauri anayekuja na sheria ya mfano kutoka kwao anaweza kuufuta muda huo kwa kifungu kimoja, bila nia mbaya yoyote. Ulizeni kwa kila kifungu: hiki tunalazimika nacho, au tunajiongezea?

Sasa hili la hesabu za ushuru, lisomeni polepole, nimeona linavyoumiza. Katika mkataba wa biashara huria kila nchi hupeleka orodha ya kushusha ushuru: maelfu ya bidhaa, mstari kwa mstari, kila moja na namba yake ya HS (mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa namba), ushuru wa sasa na mwaka utakapofika sifuri. Zile msizotaka ziguswe huwekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti. Kuzichagua kunahitaji kupima: mapato ya forodha yatapungua kiasi gani, kiwanda kipi kitayumba, mkulima yupi ataumia.

Timu niliyokuwamo ilipewa mshauri hodari, mpole na mchapakazi. Alichukua takwimu za forodha, akapiga hesabu kwenye kompyuta yake, akatukabidhi ripoti nene na faili moja la Excel. Warsha ya kufunga ikafanyika, picha ya pamoja ikapigwa, mradi ukaisha, naye akaenda kwenye kazi nyingine. Miezi ikapita, tukakaa mezani. Wenzetu wa upande wa pili hawakubishana na orodha nzima. Walichagua mistari michache ya plastiki na mashine wakauliza: hizi mmeziita nyeti kwa kigezo gani?

Kimya. Kwenye faili, safu ya kigezo ilikuwa na namba zilizobandikwa tu. Fomula hazikuwamo, zilibaki kwa mwenyewe. Ofisa wa forodha aliyekaa kando yangu akawa anapandisha na kushusha jedwali akitafuta chochote cha kusema, na katika kutafuta huko ndipo alipoona kibaya zaidi. Orodha ilikuwa imeandaliwa kwa toleo la zamani la HS. Mfumo huu hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Matoleo ya 2012, 2017 na 2022 hayafanani, kuna namba zinazogawanywa na zinazounganishwa. Kitabu chetu cha ushuru kilikuwa kimeshahamia toleo jipya. Kwa hiyo baadhi ya bidhaa tulizodhani tumezilinda zilikuwa na namba isiyokuwepo tena, na namba mpya iliyochukua nafasi yake ilikuwa kwenye kundi la kwenda sifuri.

Usiku ule tulikesha hotelini na vitabu viwili, mmoja akisoma namba, mwingine akiweka alama kwa kalamu. Mistari mingine tuliiokoa. Mingine ilikuwa imeshakubaliwa katika kikao kilichotangulia, na kuirudisha mezani kulitaka tutoe kitu. Tulitoa miaka: bidhaa zilizokuwa zimepangiwa kushuka taratibu zikafupishiwa muda. Wenye viwanda waliokuwa wanaitegemea miaka ile hawakuwamo chumbani.

Kwa hiyo wekeni haya kwenye mkataba wa mshauri tangu mwanzo. Maofisa wenu wawili wafanye kazi naye bega kwa bega, wawili kwa sababu mmoja lazima atahamishwa. Faili likabidhiwe likiwa na fomula zote na takwimu ghafi. Kigezo cha kila bidhaa nyeti kiandikwe kwa maneno. Toleo la HS litajwe juu ya kila jedwali. Na malipo ya mwisho yasitoke mpaka ofisa wenu airudie hesabu yote mbele ya wenzake, mshauri akiwa amekaa kimya. Mtaambiwa muda hautoshi. Msikubali.

Ahadi za msaada zifungeni na wajibu wenu kila mkataba unaporuhusu. Mkataba wa WTO wa Uwezeshaji Biashara, uliopata nguvu tarehe 22 Februari 2017, unaruhusu: masharti mnayoyaweza mara moja yanaingia kundi A, yanayohitaji muda kundi B, yanayohitaji muda pamoja na msaada kundi C. Msijaze A kwa kutaka sifa. Kwenye mikataba mingi wajibu unabana, msaada unabaki kuwa maneno mazuri.

Na msaada hukatika. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ghafla, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, lilikuwa limeacha kuendesha misaada hiyo. Jiulizeni leo: mradi huu ukifa kesho asubuhi, nani anajua takwimu ziko wapi?

Jueni pia kwamba inawezekana kusema bado. Vanuatu, nchi ndogo ya visiwa katika Pasifiki, ilisimamisha safari yake ya kuingia WTO mwaka 2001 masharti yakiwa yamekamilika karibu yote, ikaja kujiunga mwaka 2012.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Anayehudhuria mafunzo awe ndiye atakayekaa mezani, asiwe yule aliyekuwa na nafasi siku hiyo. Barua pepe za mradi zihifadhiwe kwenye anwani za serikali. Wafadhili wawili wasifanye utafiti uleule bila kujuana. Ripoti ya lugha ngumu irudishwe iandikwe upya. Na siku ya kutia saini, linganisheni viambatisho na mlichokubaliana kikaoni, namba kwa namba, hata kama waziri ameshaketi na wapiga picha wanasubiri.