Kusomea uzee kwa jicho la afya ya jamii: kwa ndugu walio ughaibuni

Wengi wetu huku tumepata riziki kwa kulea wazee: kuogesha, kuvisha, kukesha zamu ya usiku. Ukikaa na kazi hiyo miaka miwili mitatu, swali linakuja lenyewe. Kwa nini huyu wa miaka 85 anapanda ngazi mwenyewe, na yule wa 68 hawezi kuinuka kitini? Swali hilo linasomewa hadi uzamili na uzamivu.

Usichanganye na udaktari wa wazee. Daktari humtibu mzee aliye mbele yake. Afya ya jamii hurudi nyuma: alisoma hadi wapi, alifanya kazi gani, shinikizo la damu lilimwanza lini na kama kuna aliyelipima. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuzeeka na afya ni kubaki na uwezo wa kufanya unayoyathamini, hata ukiwa na maradhi. Masomo haya yamejengwa juu ya wazo hilo.

Kabla ya kuomba chuo, tazama mambo machache. Kama ni Marekani, hakikisha shahada ya afya ya jamii ina ithibati ya CEPH, baraza linalokagua masomo ya afya ya jamii. Uliza walimu wanatumia takwimu gani. Utafiti wa afya na kustaafu (HRS) wa Chuo Kikuu cha Michigan umewafuatilia watu wenye zaidi ya miaka 50 tangu 1992, na sehemu kubwa ya data zake unapewa bure ukijisajili. Jisajili sasa, uzifungue, uone kama kazi ya namba inakukaa. Hesabu ya takwimu ndiyo huwaangusha wengi, kwa hiyo ianze mapema.

Fedha: uzamivu Marekani mara nyingi huja na ada iliyolipwa pamoja na posho, uzamili mara nyingi unajilipia. Viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi Marekani, inadai usome muda wote, na programu ya mtandaoni tupu haikupi viza hiyo.

Sasa barua ya maombi, na hapa nakusihi. Kuna kipimo ambacho mzee huinuka kitini, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi kukaa. Ikifika sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Wewe umekiona kipimo hicho kila siku bila saa: mkono unaotafuta ukingo wa kiti, mguu unaosita pale pa kugeukia. Kiandike. Inaniuma kuona mtu aliyelea wazee miaka sita akiificha kazi hiyo kana kwamba ni aibu, akajaza ukurasa mzima maneno makubwa ambayo kila mwombaji anayo. Na mwombe msimamizi wako wa zamu awe mmoja wa watakaokuandikia barua ya kukupendekeza. Ameyaona macho yako yakifanya kazi.