Kusoma Kama Mtu Anayeusiwa: Namna ya Kuchagua na Kusoma Vitabu vya Imani na Malezi ya Nafsi

Msimu wa korosho unapokwisha na malipo ya mnada yakawa yameingia, wengi wetu huku Mtwara na Lindi hupata, kwa muda mfupi, fedha ya kununulia kitu kisicho cha lazima. Ukisimama wakati huo mbele ya muuza vitabu aliyetandaza turubai lake kando ya stendi, hutakosa kuona kitabu kinachoahidi utajiri au amani ya moyo kwa siku 30. Ushauri wangu ni kwamba ukiache kwanza, uanze na vitabu vya wasia, yaani maneno ambayo mzazi, mzee au mtu aliyekaribia kufa aliyaacha kwa ajili ya mtu aliyempenda, kwa sababu mwandishi wa namna hiyo hakuwa na bidhaa ya kukuuzia.

Aliyepitia jando au unyago anajua kwamba nyakanga na kungwi hawasemi neno mara moja wakaliacha; huliimba, hulirudia, na humtaka mwali alirudie mpaka limkae. Kitabu cha malezi ya nafsi kinataka usomaji wa namna hiyohiyo. Mwaka mmoja nilijisifu nyumbani kwamba nimemaliza vitabu 12, mke wangu akaniuliza ni kipi kati ya hivyo kilichonipunguzia hasira, nikakosa jibu. Tangu hapo sihesabu tena.

Anzia katika maandiko ya dini yako. Muislamu na asome Suratu Luqman, sura ya 31, ambamo tangu aya ya 13 hadi ya 19 mna nasaha za Luqman kwa mwanawe: asimshirikishe Mungu, asimamishe sala, asitembee kwa maringo, apunguze sauti yake. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotolewa mwaka 1969, ina maelezo yanayomsaidia msomaji wa kawaida, ingawa aya iliyokutatiza ni vyema uipeleke kwa ustadhi kuliko kuifasiri peke yako. Mkristo na ashike Mithali, kitabu chenye sura 31, ambacho unaweza kukisoma kwa kufuata tarehe za mwezi. Sura zake 9 za mwanzo ni mzazi anayemwita msikilizaji "mwanangu" tena na tena. Mstari ukiwa mgumu katika Biblia ya Union Version, ambayo Kiswahili chake ni cha mwaka 1952, utafute katika Biblia Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi zaidi, kisha urudi kwenye ule wa kwanza, maana mara nyingi uzito wa neno hubaki huko.

Baada ya maandiko, ingia katika tenzi. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, kisiwa cha pwani ya kaskazini ya Kenya, alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amuusie binti yake. Zipo beti zinazohusu utumishi wa mke kwa mumewe ambazo msomaji wa leo, hasa wa kike, atabishana nazo, na sioni kosa katika kubishana. Kosa ni kuziruka.

Utenzi ninaoupenda zaidi ni Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa mwanzoni mwa karne ya 19, ambao mtunzi wake hamuusii mtu mwingine bali anaukemea moyo wake mwenyewe. Anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyobomoka, na madaka ya ukutani yaliyopangwa vyombo vya kaure, ambamo sasa wanalala makinda ya ndege. Hapa msomaji wa kusini ana bahati ambayo wengine hawana, kwa kuwa Kilwa imo katika mkoa wa Lindi. Usome utenzi huu, kisha siku moja uvuke kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, ukae ndani ya magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme la karne ya 14, katika mji ambao msafiri Ibn Battuta wa Morocco aliufikia mwaka 1331 na kuusifu, na uusome tena hapohapo kwa sauti. Lugha ya utenzi huu ni Kiswahili cha kaskazini na ina maneno mengi yaliyotutoka, kwa hiyo tafuta toleo lenye maelezo, wala usihangaike kuelewa kila neno mara ya kwanza. Mistari 3 ya mwanzo ya kila ubeti ina kina chake, yaani sauti ya mwisho inayolingana, na wa 4 unarudia kina kimoja utenzi mzima, jambo linalousaidia ulimi kukumbuka hata pale akili inapokwama.

Kwa anayependelea nathari, Maisha Yangu ya Shaaban Robert yanatosha kwa miezi kadhaa.

Kuhusu namna ya kusoma, robo saa baada ya alfajiri au kabla ya kulala inatosha, na ukurasa mmoja si haba. Usome kwa sauti, kisha andika katika daftari sentensi moja kwa maneno yako mwenyewe na tendo moja utakalolifanya siku hiyo, liwe dogo kiasi cha kumsalimia jirani mliyenuniana. Baada ya wiki, rudi kwenye ukurasa uleule kabla ya kusonga mbele. Sasa ndipo unaweza kukirudia kile kitabu cha siku 30 na kukiuliza: je, kinanitaka nitende jambo gumu, au kinanisifu tu?

Usiponunua, azima katika maktaba ya mkoa au ulizia parokiani na msikitini. Watawa wa Ndanda wamechapa vitabu vya dini kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na majirani wanne wanaweza kuchangia nakala moja wakaizungusha. Atakayelala nayo masika aiweke juu ya rafu, mbali na ukuta unaovuja, wala asiiache katika sanduku lililogusa sakafu ya udongo, kwani mchwa wa huku hawatofautishi kitabu cha dini na gazeti la mwaka juzi.