Kunoa biti za drili zilizoisha makali

Leo asubuhi nimemwaga juu ya meza kopo la biti "zilizokufa" hapa kwenye karakana yangu, Busia. Zilikuwa 31. Nimezipitia moja moja: zilizovunjika kweli ni 4. Nyingine zote zilitaka dakika chache tu kwenye jiwe, basi. Inaniuma kuona fundi anakatisha kazi na kupanda boda kwenda dukani kununua kitu ambacho anacho tayari.

Wanakikundi mmeniomba niandike ninavyofanya. Somo hili ni la biti za msokoto, za kutobolea chuma. Za ukuta tutazigusa kwenye maswali.

Utajuaje imeisha

Biti kali inatoa chuma kimejikunja kama nywele, uzi mmoja kila upande. Butu inatoa unga, inapiga kelele, inachemka, na wewe unajikuta umeilalia drili kwa kifua. Ukifika hapo, acha. Ukizidi kusukuma, kona za nje zinaungua, na biti iliyotaka kupunguzwa nusu milimita sasa itataka milimita tatu.

Ijue ncha kabla ya kuigusa

Itazame kwa mbele. Kuna midomo miwili. Hiyo ndiyo inayokata. Katikati kuna ukingo mfupi wa mshazari unaoiunganisha, sisi tunauita patasi. Nyuma ya kila mdomo kuna mgongo unaoteremka mpaka kwenye kisigino, pale mfereji mwingine wa msokoto unapoanzia. Mgongo haukati kitu. Kazi yake ni kukaa chini ya mdomo ili mdomo uingie kwenye chuma.

Jambo hili nililijua kwa aibu. Nilipokuwa najifunza kazi, mzee mmoja alileta plau yake juu ya baiskeli, mvua za Machi zimeshaanza, anataka matundu mawili ya kufungia ulimi mpya. Nikanoa biti ya milimita 12 mpaka ikang'aa. Nikasukuma, nikasukuma, haikuingia. Iliacha duara linalometa kama sarafu, basi. Fundi aliyekuwa ananifundisha akaichukua, akaisimamisha mezani ncha ikiwa juu, akaniambia, "Angalia kisigino." Kilikuwa juu kuliko mdomo. Biti yote ilikuwa inatembea kwa kisigino.

Hatua ya 1: jiwe

Jiwe la kijivu la kawaida la grainda ya mezani linatosha. Uso wake uwe umenyooka. Ukiwa na mabonde, unyooshe kwanza, maana mdomo wa biti utafuata mabonde hayo hayo. Nafasi kati ya jiwe na kiegemeo, kile kibao cha chuma mbele ya jiwe cha kuegemezea kazi, isizidi milimita 3. Jiwe jipya lining'inize, uligonge kwa mpini wa mbao: likilia kama kengele, zima, likitoa sauti ya gunzi, lina ufa, usilifunge. Ukiwasha, simama pembeni kwa dakika moja. Miwani ni lazima. Glavu vua, mikono mirefu ya shati ikunje, na kama umetoka msikitini na kanzu, badilisha kwanza.

Hatua ya 2: pembe

Kwa kazi za kawaida ncha nzima ni nyuzi 118, maana yake shina la biti linakutana na uso wa jiwe kwa nyuzi 59, kwa kila mdomo. Chukua ile pembetatu ya plastiki kwenye seti ya hesabu ya mtoto wa shule, tumia kona yake ya nyuzi 60, uchore mstari juu ya kiegemeo. Nyuzi moja zaidi haitakunyima usingizi.

Hatua ya 3: mkono

Hapa usiwe na haraka. Jaribu kwanza grainda ikiwa imezimwa.

Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kiwe chini ya biti, karibu na ncha, kimetulia juu ya kiegemeo. Mkono wa kulia ushike shina. Ilaze biti sambamba na ule mstari wako. Izungushe biti mpaka mdomo ulale sawa kama maji kwenye sahani. Sasa gusa jiwe kwa mdomo, kidogo tu, na hapo hapo anza kushusha mkono wa kulia pole pole huku unasukuma mbele kwa wepesi. Jiwe litaanza mdomoni, litapita mgongoni, litaishia kisiginoni. Toa.

Mkono wa kulia unashuka. Haupandi kamwe. Ukipanda, utapata biti yangu ya plau. Wala usiizungushe biti sana wakati unashusha, utagusa mdomo wa pili.

Kama hujui unagusa wapi, paka mgongo wino wa kalamu nene, upitishe mara moja, utazame wino umeondoka wapi.

Hatua ya 4: upande wa pili

Geuza nusu duara, rudia. Mimi nahesabu kwa sauti: mbili huku, mbili kule. Uzito wa mkono uwe ule ule. Chovya kwenye maji mara kwa mara, kabla haijakuchoma vidole.

Hatua ya 5: kukagua

Weka nati mbili zinazolingana, ubavu kwa ubavu. Lile bonde kati yake ni nyuzi 120. Ncha ikikaa humo bila mwanga kupenya, pembe yako ni nzuri. Pima urefu wa midomo kwa rula, ilingane. Kisha isimamishe mezani ncha juu, uizungushe mbele ya macho: kisigino kiwe chini ya mdomo, kama milimita 1 kwa biti ya milimita 10. Patasi nayo iwe ya mshazari. Ikikaa mraba na midomo, mgongo haujashuka vya kutosha.

Mwisho, toboa kipande cha chuma kibovu, utie tone la oili. Ukiona chuma kinatoka kimejikunja, uzi mmoja kila upande, umemaliza. Kwa chuma laini, biti ya milimita 10 izunguke kama mara 800 kwa dakika, ya milimita 5 kama 1,600. Drili ya mkono ikikimbizwa yote na biti nene, makali uliyoyahangaikia yanaisha kabla ya chai.

Maswali ya wanakikundi

*Fundi, mimi niko kijijini Mbale, nina grainda ya mkono tu. Nifanyeje?*

Kaka, usishike biti mkono mmoja na grainda mkono mwingine. Ifunge biti kwenye jiliwa, ncha juu, ushike grainda kwa mikono yote miwili ikiwa na kinga yake, uguse kidogo kidogo. Tumia diski nene ya kusagia. Ile nyembamba ya kukatia usiisagie kwa ubavu, inapasuka. Biti chini ya milimita 6 sikushauri. Na tupa ya kawaida haitaisaidia biti ya HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi), inateleza tu. Tupa ya almasi inakata.

*Mwalimu, natoboa kwa biti ya 10 lakini bolti inacheza ndani ya tundu.*

Mdomo mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Patasi imehama katikati, biti inachora duara pana. Utaona pia chuma kinatoka upande mmoja tu. Saga upande wa mdomo mfupi, usiguse mrefu, mpaka patasi irudi katikati.

*Yangu imegeuka bluu wakati nanoa. Nitupe?*

Hapana, dada. Soma shinani. Ikiwa imeandikwa HSS, rangi ya bluu haijaiondolea ugumu. Ila ikiwa nyekundu kabisa usiitumbukize kwenye maji, itapata nyufa ndogo. Iache ipoe kwa hewa. Zile za bei rahisi za chuma cha kaboni, bluu ni hasara: saga mpaka sehemu yote ya bluu iishe.

*Na biti ya ukuta?*

Ile ncha iliyobandikwa ni kabidi. Jiwe la kijivu haliliwezi. Tafuta jiwe la kijani au la almasi, na usiichovye majini ikiwa ya moto.

*Mzee, nimenoa kama ulivyosema, nati zinakubali, kisigino kiko chini, lakini springi ya lori haitoboki.*

Biti yako haina kosa, mwanangu. Springi imekazwa kwa moto kiwandani. Itie kwenye makaa, uvukute mpaka iwe nyekundu ya cheri, uifukie ndani ya jivu kavu jingi jioni. Usiifukue kuitazama. Asubuhi itoboe pole pole, na oili ya kutosha. Kumbuka hapo ulipoichoma imelainika, haitafaa tena kazi ya springi. Kwa jembe la plau au bawaba ya geti inatosha.